Diski inagonga? Usikubali kupigiwa Windows!

Wadau wa Saza na Tunduma, kompyuta ikianza kulia tak-tak na kugandaganda, ujue diski inakata roho. Fundi akisema "tupige Windows upya", mgomee kwanza! Windows mpya haiponyi diski mbovu, ila picha zako zinaweza kwenda na maji. Zima mashine, chomoa diski, iunganishe kwenye kompyuta nyingine, kopi vitu vyako. Ndipo ufunge mpya, hasa SSD, haina sahani inayozunguka. Andaa flashi ya GB 8 (vilivyomo vitafutika), washa mashine kupitia hiyo flashi. Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia Oktoba 2025. Mashine yako ikiikataa 11, weka Ubuntu, ni bure jamani.