Damu katika Mkojo wa Mtoto Si Jambo la Kunyamaziwa

Katika vijiji vya Unguja na Pemba vilivyo karibu na vijito na mabwawa, kichocho ni maradhi ya tangu zamani, na huwapata zaidi watoto wa skuli. Kwa kuwa yamezoeleka, wako wazazi wanaomwambia mtoto anayekojoa damu kwamba itapita. Tunawanasihi wasingoje. Minyoo ya kichocho huishi mwilini kwa miaka. Hudhuru kibofu na figo, hupunguza damu, na kwa wasichana hujeruhi viungo vya uzazi.

Njia yake ni hii. Mayai hutoka na mkojo wa mgonjwa. Yakifika katika maji yasiyo ya chumvi, huanguliwa vijidudu vinavyoingia ndani ya konokono. Baada ya wiki kadhaa, konokono hutoa vijidudu vingine, navyo hupenya ngozi ya anayeoga, anayefua au anayevuka. Si lazima kuyanywa maji hayo.

Mtume (S.A.W.) amekataza kukojoa katika maji yaliyotuama. Basi tuwafundishe watoto, nyumbani na madrasa, kwamba kushika katazo hilo ni kuukata mzunguko wa maradhi haya.

Dawa ya prazikwanteli inapogawiwa skulini, mtoto ale kwanza, kisha ameze. Dawa huua minyoo iliyokomaa, lakini haimkingi anayerudi kuoga kijitoni. Tuwaulize watoto wetu kwa upole, hasa wasichana, ambao haya huwafunga midomo. Na anayekojoa damu tumpeleke kituo cha afya bila ya kuchelewa.