Taa na Breki za Tela la Trekta



Leo tuzungumze juu ya tela. Trekta lenyewe tunalitunza, tunajua oili yake, chujio lake na jembe lake la sahani. Tela tunalisahau, kwa sababu halina injini, halipigi kelele, na likiharibika halimzuii mtu kulima. Lakini hebu simama kando ya barabara ya Kilwa pale Kibiti, saa moja usiku, msimu wa korosho umepamba moto. Utaona mabasi ya Lindi na Mtwara, malori ya saruji, pikipiki, na katikati yao tela limejaa magunia, watu wawili watatu wamekaa juu ya mzigo, na nyuma hakuna hata taa moja. Basi linalokwenda kilomita 80 kwa saa linakata mita 22 kila sekunde. Kama dereva wake ataliona tela hilo likiwa mbele yake mita 30, fanya hesabu mwenyewe ana muda gani wa kukanyaga breki.

Na huku kwetu Pwani jua halina subira. Likishazama, baada ya dakika ishirini ni giza. Mtu anayetoka na mzigo Nyamisati alasiri akidhani atafika Kibiti mchana, akipata pancha moja tu njiani, ataingia lami usiku. Kwa hiyo usiseme, "Mimi natembea mchana tu." Kila mtu hutembea mchana tu, mpaka siku pancha inapompata.

Tuanze na taa. Umeme unatoka kwenye betri, unapita kwenye swichi na kwenye waya, unaingia katika balbu, halafu ni lazima urudi kwenye betri. Kama hauna njia ya kurudi, balbu haiwaki, hata waya wa kupeleka uwe mpya namna gani. Kwenye trekta njia ya kurudia ni chuma cha trekta lenyewe, na mafundi huiita ethi. Hapo ndipo penye kosa linaloonekana mara nyingi kuliko mengine yote. Fundi anaunganisha nyaya za kupeleka, halafu njia ya kurudia anaiachia ile pini inayoliunganisha tela na trekta. Sasa pini hiyo ina kutu, ina grisi, ina tope, na inachezacheza kila tela linaporuka shimo. Umeme utarudi vipi? Utaona taa zinafifia na kuwaka, kufifia na kuwaka. Au utakanyaga breki na kuona indiketa zote mbili zinawaka kwa mbali, maana umeme uliokosa njia yake unatafuta njia kupitia balbu nyingine. Ukiona mambo ya namna hiyo, usibadilishe balbu. Tafuta ethi.

Dawa yake ni tela kuwa na waya wake wa ethi, unaotoka kwenye kila taa mpaka kwenye plagi. Plagi ya kawaida ya volti 12 ina pini saba, na namba zake zimeandikwa ndani kwa herufi ndogo sana, kwa hiyo isafishe kwanza ndipo usome. Pini ya 1 ni waya wa manjano, indiketa ya kushoto. Ya 2 ni bluu, ambayo kwa matela yetu mara nyingi hukaa bure. Ya 3 ni waya mweupe, na huo ndio ethi. Ya 4 ni kijani, indiketa ya kulia. Ya 5 ni kahawia, taa ndogo ya nyuma upande wa kulia. Ya 6 ni nyekundu, taa za breki zote mbili. Ya 7 ni nyeusi, taa ndogo ya nyuma upande wa kushoto. Huo ndio utaratibu wa kawaida, lakini tela lililokwisha pita mikononi mwa mafundi watatu wanne usiziamini rangi zake. Chukua balbu moja yenye nyaya mbili, upande mmoja ugusishe kwenye ethi, wa pili kwenye pini moja moja ya soketi ya trekta, huku kijana mmoja akiwasha swichi na kukanyaga pedali. Balbu itakwambia ukweli.

Waya usiwe ule mwembamba wa redio. Balbu ya breki ni ya wati 21, na kwa volti 12 inavuta ampea 1.75. Zikiwa mbili ni ampea 3.5. Ongeza taa ndogo mbili za wati 5 na indiketa moja, umefika kama ampea 6, na zote hizo zinarudi kwa waya mmoja wa ethi. Ndiyo maana nyaya za kupeleka ziwe na unene usiopungua milimita za mraba 1.5, na ethi iwe 2.5. Waya mwembamba hupata moto, na kabla haujaungua taa zinakuwa hafifu kama kibatari. Weka na fyuzi upande wa trekta, ili waya ukichunika na kugusa chuma iungue fyuzi, lisiungue trekta.

Angalia vilevile volti. Matela mengi ya mitaani yametoka kwenye malori ya volti 24. Ukiliunga na trekta la volti 12 na balbu zake zilezile, taa zitawaka kwa unyonge na utailaumu betri bure. Soma maandishi kwenye kitako cha balbu. Jambo jingine ni kwamba matrekta ya zamani hayana swichi ya taa za breki kwenye pedali. Basi hata ukiunga waya mwekundu kwa ustadi wote hakuna kitakachowaka mpaka fundi afunge swichi hiyo. Ni kifaa kidogo, kinapatikana madukani.

Sisi wa Rufiji na Kibiti tunaye adui mwingine, nayo ni chumvi. Upepo unaopita kwenye mikoko una chumvi, tope la Nyamisati lina chumvi, na shaba haipendi chumvi. Kiungo cha waya kilichosokotwa kwa mkono na kufungwa utepe wa plastiki kitageuka unga wa kijani upesi sana. Viungo vichomewe kwa risasi, au vibanwe ndani ya kiboksi kilichofungwa vizuri. Vitako vya balbu na pini za plagi vipake mafuta ya mgando kidogo tu. Plagi isiyotumika usiiache ikiburura chini, itundike mdomo ukitazama chini ili maji yasikae. Waya wenyewe uufunge kwenye fremu kila hatua fupi, na pale kwenye mkono wa tela uache ulegevu wa kutosha kwa kona, lakini usiguse ardhi. Ndugu zetu wa Mbwera na vitongoji vya ndani ya delta watacheka, tela lao ni mtumbwi. Lakini mzigo wao ukishateremka bandarini unaendelea na safari juu ya tela la mtu fulani, kwa hiyo nao wasikilize.

Sasa breki, na hapa naomba usome taratibu.

Trekta letu la kawaida lina uzito wa kama tani mbili. Magunia 40 ya mpunga yenye kilo 75 kila moja ni tani tatu, na tela lenyewe bado hatujalihesabu. Kwa hiyo kinachovutwa ni kizito kuliko kinachovuta. Kwenye mlima hilo halina hatari kubwa, trekta litalalamika tu. Hatari iko kwenye mteremko. Tela lisilo na breki linalisukuma trekta kwa nyuma, na matairi ya nyuma ya trekta, ambayo kwa matrekta mengi ndiyo pekee yenye breki, yanaanza kuteleza. Likishateleza, tela linalizungusha trekta ubavu, na dereva yuko katikati.

Jambo la kwanza halihitaji hata senti moja. Trekta lina pedali mbili za breki, ya kushoto na ya kulia, ili likiwa shambani ligeuke upesi mwisho wa tuta. Kuna kikomeo kidogo cha kuzifunga pamoja. Ukitoka shambani kuingia njiani, kifunge. Dereva anayekanyaga pedali moja akiwa na tela lililojaa anajipindua mwenyewe. Kama kikomeo kimepotea, na kwa matrekta mengi kimepotea, fundi wa kuchomelea chuma atakutengenezea.

Breki za tela zenyewe ni za aina kadhaa. Kuna zinazotumia nguvu ya mafuta kutoka kwenye trekta kwa mpira maalumu, na hizo ni nzuri, mradi mpira uungwe kwenye vali ya breki inayotii pedali. Wako wanaouunga kwenye mkondo wa kuinulia tela la kumwagia mzigo na kutumia mkono wa haidroliki kama breki. Usifanye hivyo. Mkono ule hautoi msukumo wa polepole, unatoa wote kwa mara moja, na magurudumu yanakamatwa ghafla. Kuna pia breki za kusukumana, ambazo gari la mbele likipunguza mwendo tela linasukuma mkono wake kwa ndani na fito zinakaza breki. Hizo zinafaa tela dogo nyuma ya pikapu. Kumbuka tu kwamba unaporudi nyuma nazo hukaza, kwa hiyo kuna kizuizi cha kuinua, na ukishamaliza kurudi nyuma ukiondoe.

Kurekebisha breki si kazi ngumu. Inua gurudumu kwa jeki, uzungushe kwa mkono, kaza mpaka usikie inakwaruza, halafu legeza kidogo mpaka gurudumu lizunguke huru. Fanya sawasawa pande zote mbili, la sivyo tela litavuta upande mmoja. Kisha lijaribu likiwa tupu, mahali tambarare, kwa mwendo mdogo. Ukipita kwenye maji, kama wengi walivyolazimika wakati wa mafuriko ya Aprili 2024, kanyaga breki kidogokidogo baada ya kutoka ili zikauke, na jioni zioshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi.

Kwenye mteremko chagua gea ndogo kabla hujaanza kushuka. Usikanyage klachi, wala usitoe gea ili kuokoa mafuta. Mafuta utakayookoa hayajazi kikombe.

Wenye pawatila, ninyi nina neno lenu la peke yake. Breki yenu kubwa iko kwenye tela, pale miguuni pa dereva. Ikichoka hamna nyingine ya kutegemea, basi mwikague kila safari. Na kuna jambo linalowashangaza wageni wa chombo hiki. Kwenye tambarare ukiminya klachi ya kulia kinageuka kulia. Kwenye mteremko, tela likiwa linasukuma, ukiminya ya kulia kinageuka kushoto, kwa sababu gurudumu lililoachiwa linakimbia kuliko lenzake. Kwenye mteremko ziache klachi hizo kabisa, shika mikono ya chombo na uelekeze kwa nguvu zako, polepole.

Kabla ya kutoka, pini kubwa ya kuungia iwe na kile kipini kidogo cha kuizuia isichomoke, na mnyororo wa pili ufungwe toka tela hadi trekta. Nyuma ya tela bandika viakisi mwanga vyekundu, pande zote mbili, kwa sababu balbu inaweza kuungua lakini kiakisi hakiungui. Tope likikifunika hakina kazi, kifute. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inataka chombo kiwe na taa na breki, lakini hata pasipokuwa na askari pale njia panda, malori yapo.

Tela likiharibika usiku, lisogeze nje ya lami kadiri inavyowezekana, weka mawe nyuma ya magurudumu, na watu washuke juu ya mzigo. Matawi ya miti tunayotandaza barabarani yanasaidia mchana. Usiku hayaonekani mpaka gari limeyafikia. Weka pembe tatu inayoakisi mwanga, hatua mia moja nyuma, na uondoke nayo ukimaliza. Hata matawi yaondoe, na mawe vilevile, maana jiwe lililoachwa katikati ya lami linamngoja mwenye pikipiki.