Mwanao Kapangiwa Chuo Wote? Mwache Atoke Jumamosi

Ukitaja Wote barazani kwetu, lazima atokee wa kuuliza, "Wote akina nani?" Tunacheka, kisha mtu mmoja anauliza kwa sauti ya chini kama huko kuna msikiti. Simlaumu anayeuliza. Wengi wetu tunaijua barabara ya Nairobi kwa majina ya vituo vya basi tu, Voi, Mtito, Emali, na Wote haiko kwenye barabara hiyo. Iko ndani, vilimani, na ndiyo makao makuu ya kaunti ya Makueni.

Lakini siku hizi watoto wetu wanapelekwa huko. Mtoto anamaliza kidato cha nne Malindi au Msambweni, anajaza kozi zake kwa KUCCPS, na barua ikija inasema Wote. Mama analia kana kwamba mtoto anakwenda Marekani. Na ukifikiri vizuri, kwa msichana ambaye hajawahi kulala nje ya Kilifi, Wote ni ughaibuni. Lugha ya sokoni ni Kikamba, chakula ni muthokoi, Julai kuna baridi ya kuvaa sweta mbili, na adhana haisikiki kila upande kama alivyozoea.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ni mmoja wao. Muhula wa kwanza ulipita salama. Muhula wa pili alinipigia simu Jumapili moja baada ya alasiri. "Shikamoo mjomba. Mjomba, mimi nataka kurudi nyumbani." Nikamuuliza kama kuna mtu kamuudhi. Hapana. Karo? Hapana, imelipwa. Masomo? Kimya. Nikamuuliza jana alifanya nini. Akasema alilala. Na leo? Amelala. Jumamosi iliyopita? Hivyo hivyo.

Hapo nikajikumbuka. Siku tuliyomsindikiza, mamake alimwambia asitoke chumbani ila kwenda darasani, na mimi, mjomba mtu mzima mwenye diploma yake, nikaongeza, "Sikiliza mama. Bara si kwenu, usitembee ovyo." Mtoto alitutii. Kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi alikuwa anatazama ukuta. Wenzake wa Mwingi na Machakos wakienda makwao wikendi, yeye anabaki na simu. Kwenda Kilifi na kurudi kwa siku mbili haiwezekani, na nauli hiyo ni chakula chake cha wiki nzima au zaidi.

Sikumwambia arudi wala asirudi. Nilipanda treni.

Hapa nieleze njia, maana wazazi wengi huniuliza. Pale Miritini kuna treni aina mbili za abiria, ya moja kwa moja na ile ya asubuhi inayosimama vituo. Unataka ya vituo. Inapita Mariakani, Miasenyi, Voi, Mtito Andei na Kibwezi, kisha unashuka Emali. Tiketi kata mapema, hasa shule zikifunguliwa au zikifungwa, na usisahau kitambulisho. Emali unatafuta matatu au Probox ya kwenda Wote, na njiani mlima Nzaui unakutazama. Ukipita njia hii mchana utafika jua lingali juu. Ya usiku simshauri mtoto aliye peke yake, kwa kuwa basi likikushusha Emali saa nane za usiku, uko barabarani na mabegi mpaka alfajiri.

Jumamosi asubuhi nikamwambia alete marafiki wawili, tunatoka. Wakaja, mmoja wa Tana River, Muislamu, na mmoja Mkamba wa Kathonzweni ambaye ndiye aliyekuwa kiongozi wetu. Nikamuuliza huyo wa Kathonzweni, watu hapa wakitaka kupumzika huenda wapi. Mjini kuna bustani ya umma, akasema, watu hukaa kivulini bila kununua chochote. Basi hata hiyo mpwa wangu hakuwa ameiona, na ni mwendo wa miguu tu! Lakini akasema kama tunataka safari, twende Makindu.

Wote hadi Makindu ni matatu moja, kupitia Kathonzweni. Barabara inashuka kutoka vilimani, nchi inakuwa kavu, mibuyu inaanza kutokea, na mpwa wangu akakaa wima kama mtu aliyeona jamaa. Pembeni kulikuwa na maembe. Muuzaji akatuambia yale ni apple na yale ngowe. Nikamwambia binti, ngowe si ndiyo ya kwetu? Akacheka, mara ya kwanza tangu nifike. Makueni wanalima maembe mengi kiasi kwamba kaunti imejenga kiwanda chake cha matunda pale Kalamba. Ukienda kati ya Desemba na Machi utakula mpaka uombe radhi.

Makindu tulikwenda kwenye hekalu la Masingasinga. Najua msomaji wangu mmoja hapo ameshakunja uso, basi nieleze. Reli ya kutoka Mombasa ilianza kujengwa 1896, na miongoni mwa Wahindi walioletwa kuijenga na kuiendesha walikuwemo Masingasinga. Pale Makindu walikuwa wakikusanyika kusali, na mwaka 1926 likajengwa hekalu. Tangu zamani wana desturi ya kumlisha msafiri yeyote bure, Mkristo, Muislamu, asiye na dini, dereva wa lori, mwanafunzi. Hawakuulizi jina. Unavua viatu, unafunika kichwa, huingii na sigara wala pombe. Mabinti wangu wa hijabu walikuwa wamevaa tayari. Aliyehitaji kitambaa ni mimi, na yule wa Kathonzweni. Chakula hakina nyama kabisa, kwa hiyo swali la nani kachinja halipo. Tulipewa chapati, wali, dengu na chai ya maziwa. Ukitaka kuacha sadaka unaacha, usipotaka hakuna anayekutazama. Hatukwenda kusali kwao, tulikwenda kama wageni, na swala yetu ya adhuhuri tuliswali sehemu yetu. Mwenye wasiwasi zaidi na amuulize sheikh wake.

Baada ya kula tulikaa kivulini. Hakuna tulichofanya. Nasema hivi kwa sababu wazazi wengi wanafikiri mtoto akitoka lazima kuna disko au mambo mengine. Watoto walikuwa wamechoka. Wanasoma Jumatatu hadi Ijumaa, wanapika wenyewe, wanahesabu shilingi za HELB. Walikaa kwenye bustani ile wakasengenya walimu wao, wakapiga picha, yule wa Tana River akasinzia.

Ng'ambo ya barabara kuu unaiona milima ya Chyulu. Nikawaambia: mvua ikinyesha pale haipiti mitoni. Mlima ule ni wa majivu na mawe ya volkano, unanyonya maji yote, kisha yanatokea chini kule Mzima Springs, ndani ya Tsavo Magharibi, na kutoka huko bomba limekuwa likileta maji Mombasa tangu miaka ya 1950. Mpwa wangu akatazama sana. "Yaani maji ya Mombasa yanatoka pale?" Baadhi yake, nikamwambia, siku bomba likiwa na maji. Yule wa Kathonzweni akaongeza kwamba babu zake walikuwa wakitembea kwa miguu kupeleka pembe Pwani. Kweli kabisa. Misafara ya Wakamba ilikuwa ikifika Rabai na Mombasa kabla ya reli, na Kivoi, yule mfanyabiashara mkubwa wa Kitui aliyempokea mmisionari Krapf mwaka 1849, alikuwa mtu wa njia hiyo. Wakamba wa Rabai na Kwale hawakushuka na SGR.

Saa tisa u nusu tukarudi, tukafika Wote kabla ya magharibi. Nauli, maembe na soda, jumla ilikuwa chini ya nilichotumia kununua kifurushi cha intaneti mwezi ule, na mimi ndiye niliyelipia wanne.

Nilipomrudia dada yangu tulibishana, nikiri. Yeye anasema ya magazetini anayasoma. Nikamwambia kila mtoto wa kike ana haki ya kuogopewa, lakini si ya kufungiwa. Tukakubaliana: watoke watatu au zaidi, awemo mwenyeji, wajulishe wanakokwenda, pesa ya kurudi isiguswe, na jua likizama wawe mjini. Pojo wanazoita huko ndengu anunue sokoni awe anapika za nazi, nazi tutatuma sisi. Hilo la nazi ndilo lililomfurahisha dada kuliko yote.

Sasa yuko mwaka wa pili. Somo moja alianguka akalirudia, na simu za Jumapili bado zipo, ila sasa anauliza habari za nyumbani badala ya kulia. Wiki mbili zilizopita alinitumia picha, wako wasichana watano juu ya Nzaui. Wazee wa Kikamba husimulia kuwa watu wa kwanza walishushwa pale na nyayo zao ziko juu ya mwamba. Wameambiwa hewa ikiwa safi unaiona Kilimanjaro, lakini siku hiyo kulikuwa na mawingu na hawakuona kitu. Wanapanga kupanda tena.

Mamake kaniuliza Nzaui ni mbali kiasi gani kutoka chuoni. Nimemwambia ampigie mwanawe, ndiye anayejua.