Kumhasi Mbwa Dume Aliyekwisha Kukomaa

Mtu wa Matasia apewaye mbwa dume mzima huona taabu upesi: akisikia harufu ya jike, mbwa huruka ua na kushika njia ya Ngong au Kiserian, akapigane huko au agongwe na gari. Daktari wa mifugo aweza kumhasi hata akiwa amekomaa, baada ya kumlaza kwa dawa asisikie maumivu. Wengi huogopa kwamba hatalinda boma tena. Sivyo, mbwa hulinda mahali alipopazoea. Lakini neno hili husahauliwa sana: mbegu zilizobaki mwilini zaweza kumtia jike mimba kwa majuma kadhaa baadaye. Basi afungwe mbali na majike kwa muda wa majuma sita. Kuzurura nako hupungua polepole, si kwa siku moja.