Mbwa Hupaa Mara Mbili

Wachoraji wengi wa zamani wa Ulaya walimchora farasi aendaye shoti kwa namna moja: miguu ya mbele imenyooshwa mbele, ya nyuma imetupwa nyuma, tumbo linaelea hewani. Théodore Géricault aliwachora hivyo farasi wa mashindano ya Epsom mwaka 1821, na mchoro huo uko Louvre, Paris. Ni mchoro mzuri, na ni uongo mtupu. Angekuwa amechora mbwa, tusingekuwa na la kumlaumu.

Aliyewaumbua wachoraji ni Eadweard Muybridge, Mwingereza aliyehamia Marekani. Juni 1878, huko Palo Alto, California, kwenye shamba la farasi la tajiri wa reli Leland Stanford, alipanga kamera 12 kwa mstari na kutega nyuzi zilizokatiza njia. Farasi akipita, kila uzi unafyatua kamera yake. Vioo vya kupigia picha vya enzi hizo vilihitaji mwanga mwingi mno, kwa hiyo nyuma ya njia palitandazwa vitambaa vyeupe na ardhi yenyewe ikafanywa nyeupe. Picha zilipotoka, ubishi kuhusu shoti ya farasi ukaisha: miguu yote minne huachana na ardhi kweli, ila ikiwa imekunjwa chini ya tumbo, wala si imenyooshwa.

Mbwa ana mtindo wake. Muybridge alimpiga picha naye pia, na katika mkusanyo wake wa mwaka 1887, wenye kurasa 781 za picha, yumo mbwa mweupe wa mbio aliyeitwa Maggie. Mbwa wembamba wa mbio, kama greyhound wa Waingereza na saluki wa Waarabu wa Ghuba, hupaa mara mbili katika kila mzunguko wa hatua. Kwanza miguu hukusanyika chini ya tumbo, mgongo umepinda. Halafu mgongo unafyatuka, miguu inanyooka mbele na nyuma, na hakuna kucha inayogusa chini. Duma hukimbia hivyohivyo. Farasi hawezi, maana mgongo wake ni mgumu.

Sasa ije simu yako. Greyhound hufikia kilomita 60 kwa saa na zaidi, yaani karibu mita 17 kila sekunde. Mbwa wa kawaida akimfukuza kuku uani tumpe nusu ya hiyo. Kamera ikiachia mwanga kwa sehemu moja ya 60 ya sekunde, mbwa huyo atakuwa amesogea sentimita 14 kabla picha haijafungwa, na utapata mbwa mwenye ukungu. Ukipunguza muda hadi sehemu moja ya 1,000, atasogea milimita 8 tu.

Hata hivyo, mwili wake hausogei wote kwa kasi moja. Itazame picha ya mbwa anayekimbia: unyayo uliokanyaga umetulia, hata changarawe zilizo kando yake unaweza kuzihesabu, huku mguu unaorushwa mbele umefutika. Unyayo uliokanyaga umesimama kabisa, ila mguu ulio hewani sharti uende kasi kuliko mwili ili uwahi kutangulia. Gurudumu la baiskeli lina tabia hiyohiyo: linapogusa lami halisogei, na upande wa juu unakwenda kasi kuliko mwendeshaji. Kwa hiyo picha yenye ukungu miguuni si lazima uifute. Mimi huziachia nyingi za namna hiyo, kwa kuwa zinaonyesha mbio zenyewe.

Muda mfupi unadai mwanga mwingi, na hapo ndipo simu nyingi hushindwa. Chini ya mwembe jioni, simu huamua yenyewe kuacha mwanga uingie kwa muda mrefu zaidi. Mbwa mweusi ni balaa zaidi: akijaza picha, simu hudhani ni giza, hivyo inazidi kuchelewa na kumfanya awe wa kijivu. Gusa kioo alipo mbwa, kisha shusha mwangaza. Tena simu nyingi husoma picha mstari baada ya mstari, wala si yote kwa mkupuo, ndiyo maana mbwa apitaye karibu sana huweza kutokea ameinama kama aliyesukumwa.

Chuchumaa, simu iwe usawa wa macho yake. Akija moja kwa moja kwako, umbali hubadilika kila mara na lenzi huhangaika. Akipita ubavuni, zungusha kiuno ukimfuata, na simu ipige mfululizo. Baadaye pekua picha hizo moja moja ukitafuta zile mbili ambamo hakuna unyayo unaogusa chini. Mbwa mnene au asiye na haraka huenda akakupa moja tu, au asikupe kabisa. Mrushie mpira mbali zaidi.