Mkongwe Akirudi, Nyimbo Kumi Zinatosha

Mwaka 2001, mchanaji Professor Jay alipotoa albamu yake Machozi, Jasho na Damu, Daraja la Mkapa la mto Rufiji halikuwapo. Kanda iliyotoka kwa wasambazaji wa Kariakoo ikielekea Muhoro au Kilwa ilifika Ndundu ikangoja pantoni pamoja na magunia, kuku na abiria. Iliyokuwa ya watu wa delta ya Rufiji ilishuka Kibiti, ikashika njia ya Nyamisati, ikapakiwa kwenye chombo kwenda Salale, Mbuchi au Kiongoroni. Huko hapakuwa na umeme wa gridi. Redio kaseti ilikula betri kubwa, na betri zikichoka zilianikwa juani zipate nguvu ya siku moja mbili zaidi. Kurudisha mkanda nyuma kwa kitufe ulikuwa ni ubadhirifu. Mkanda ulirudishwa kwa kalamu ya Bic, ukizungushwa na mtu mwenye subira. Wengi waliona heri upande A uishe wenyewe, wageuze, wasikilize na upande B mpaka mwisho.

Naanza na betri kwa sababu watu wanapoisifu albamu ya zamani husema wasanii wa wakati ule walijua kupanga kazi. Walijua, sikatai. Lakini aliyetulazimisha kuisikiliza kazi nzima ni mashine. Mvuvi aliyekaa dagoni wiki nzima na kanda mbili alizijua kanda hizo kuliko anavyojua leo nyimbo mia tatu zilizomo kwenye simu yake. Wimbo wa nane, ambao redio haikuupiga hata siku moja, nao ulipata wapenzi wake, kwa kuwa ulikuwa njiani kuelekea wimbo wa tisa. Mkongwe anayerudi leo na albamu yake mwenyewe anarudi kwenye dunia ambayo lazima hiyo haipo, na hapo ndipo kazi yake inapokuwa ngumu kuliko ya kwanza.

Professor Jay ndiye mfano ulio karibu zaidi nasi. Joseph Haule, aliyezaliwa mwaka 1975, alianza kusikika na kundi la Hard Blasters, akiwa na Fanani na Big Willy. Albamu yao Funga Kazi ya mwaka 2000, yenye wimbo Chemsha Bongo, iliwafanya hata wazazi waliodhani rap ni uhuni wakae kusikiliza. Mwaka uliofuata akasimama peke yake. Zikaja Mapinduzi Halisi mwaka 2003, J.O.S.E.P.H mwaka 2006 na Aluta Continua mwaka 2007. Mwaka 2015 alichaguliwa kuwa mbunge wa Mikumi, akakaa bungeni hadi 2020. Mwanzoni mwa 2022 akalazwa Muhimbili akiwa mahututi, na nchi nzima ikawa inaulizia hali yake. Aliporudi studio alirudi na wimbo Siku 462, akishirikiana na Walter Chilambo, mwimbaji wa injili. Namba hiyo ni ya siku alizokaa hospitali. Akaanzisha pia taasisi yenye jina lake, inayohusika na maradhi ya figo.

(Mwanamuziki kuingia bungeni si jambo geni kwa watu wa Rufiji. Bibi Titi Mohamed, kabla ya kuwa jabali wa TANU, alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma Dar es Salaam. Baadaye akawa mbunge wa Rufiji, na mwaka 1965 wapigakura wakamwangusha. Jukwaa lilimpa sauti, sanduku la kura likaichukua. Professor Jay na Sugu, mchanaji mwenzake aliyekuwa mbunge wa Mbeya, wanaijua njia hiyo. Wote wawili waliangushwa mwaka 2020.)

Shabiki akisikia mkongwe amerudi na wimbo, swali lake la pili ni albamu. Basi tuipime albamu ya kurudi kwa vipimo vya fundi.

Tuanze na pumzi. Rap ya kizazi cha Professor Jay ilikaa kwenye mapigo kama 90 kwa dakika. Mstari mmoja ni mapigo manne, yaani chini kidogo ya sekunde tatu. Ubeti wa mistari 16 unachukua sekunde 43 hivi. Ukiweka silabi 13 kwenye kila mstari, unatamka karibu silabi tano kila sekunde, na mwanya wa kuvuta hewa ni ule mdogo uliopo mwisho wa mstari. Kijana wa miaka 25 hubeba mistari mitatu au minne kwa pumzi moja bila msikilizaji kugundua. Mtu wa miaka 50, hasa aliyetoka kitandani, hubeba miwili akishukuru. Studio inaweza kuficha hilo: anarekodi mstari mmoja, anapumzika, anarekodi mwingine, na kompyuta inaunga. Jukwaani hakuna wa kuunga. Ndiyo maana utamwona mkongwe na msaidizi pembeni anayemalizia maneno ya mwisho ya kila mstari. Wengi hudhani ni mbwembwe, kumbe yule ni pafu la pili.

Kuna njia mbili za kulimudu jambo hili. Moja ni kujifanya pumzi ipo, na matokeo yake ni albamu inayosikika vizuri kwenye spika na kuaibika kwenye shoo. Nyingine ni kuandika upya kulingana na mwili ulionao: mistari mifupi, vituo virefu, maneno machache yenye uzito. Kiswahili kinasaidia hapa. Karibu kila neno letu linaishia na irabu, hivyo kupata kina cha mwisho si kazi. Mtoto wa darasa la nne anaweza kukutafutia vina kumi vya -ana. Kijana humpiku mwenzake kwa kasi na kwa vina vya katikati. Mkongwe akiingia kwenye mashindano hayo ataishia kuonewa huruma. Silaha yake ni kisa. Ndio Mzee, wimbo wa Professor Jay, haikupendwa kwa kasi ya ulimi. Ilikuwa ni maigizo ya mgombea na watu wanaomwitikia, kila ahadi kubwa kuliko iliyotangulia. Zali la Mentali, aliyofanya na Juma Nature, nayo ni hadithi yenye mwanzo na mwisho. Kisa hakihitaji mapafu ya kijana wa miaka 25.

Cha pili ni soko. Wakati wa kanda, albamu ilikuwapo kwa sababu wimbo mmoja haukuwa na namna ya kuuzwa. Hakuna mteja wa Ikwiriri ambaye angetoa pesa kununua kanda yenye wimbo mmoja. Msanii alipeleka kazi nzima kwa msambazaji, mdosi kama tulivyozoea kumwita, akauza moja kwa moja au akakubali malipo kwa kila nakala, na hesabu ya nakala alikuwa nayo mdosi. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 ilikuja, COSOTA, chombo cha kusimamia hakimiliki, ikaundwa, lakini nakala za wizi zilifika sokoni mapema kuliko mkaguzi. Nyimbo mbili tatu zilipigwa redioni zikaiuza kanda, zilizobaki ziliijaza. Tuseme ukweli: albamu nyingi za miaka ile zilikuwa na nyimbo za kujazia. Hatukulalamika sana, kwa sababu ya zile betri.

Leo nenda stendi ya Kibiti. Kijana ana kibanda, kompyuta na nyaya. Mteja anatoa memori kadi, anataja anachotaka: singeli za sasa, taarabu ya mama, na za zamani kidogo. Singeli inakimbia kwa mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, mara mbili ya rap ya Professor Jay na zaidi, na ndiyo iliyoshika sherehe za Pwani. Za zamani zinatoka kwenye folda moja ambamo Hard Blasters, Wagosi wa Kaya, Afande Sele na Gangwe Mobb wamelala pamoja, nyingine hazina hata jina, zimeandikwa namba tu. Kadi inapanda boti kwenda kwa wakata mikoko na wavuvi wa kamba, na huko simu inachanganya nyimbo inavyotaka. Albamu kama mpangilio imekufa kwenye safari hiyo. Anayeimba wimbo wa nne leo hajui kwamba kulikuwa na wa tatu.

Kwa hiyo albamu ya kurudi lazima ijibu swali ambalo la kwanza haikuulizwa: kwa nini hizi ni nyimbo kumi na si moja?

Huko Marekani wakongwe waliofaulu wametoa jibu linalofanana. Jay-Z alitoa 4:44 mwaka 2017 akiwa na miaka 47: nyimbo kumi, dakika 36, na prodyuza mmoja tu, No I.D., mtu wa rika lake. Alizungumzia ndoa yake, mama yake, urithi wa watoto. LL Cool J alikaa miaka 11 bila albamu. Aliporudi mwaka 2024 alikaa studio na prodyuza Q-Tip, mkongwe mwenzake wa New York. Prodyuza mmoja huipa albamu sauti moja, na sauti moja humfanya msikilizaji ahisi nyimbo hizi ni ndugu hata simu ikizichanganya. Albamu yenye maprodyuza kumi na wageni kumi na wawili ni folda kama ile ya Kibiti, tofauti ni kwamba hii ina picha ya jalada.

Wageni ndio ugonjwa wetu. Mkongwe wa Bongo akitangaza albamu, orodha ya kolabo hutangulia kutajwa kuliko mada. Naielewa hofu yake: kila kijana anayealikwa anakuja na wafuasi wake. Lakini mgeni kwenye kila wimbo anakuwa mkongojo, na shabiki wa kijana yule atasikiliza sehemu ya kijana wake kisha aendelee na safari. Siku 462 ina mgeni mmoja, tena yupo kwa sababu kisa kinamhitaji. Mtu aliyenusurika anahitaji wa kumshukuru Mungu pamoja naye. Hivyo ndivyo mgeni anavyotumika.

Sasa suala la cha kusema. André 3000, mmoja wa wachanaji bora waliowahi kutokea Marekani, alitoa albamu yake ya kwanza ya peke yake mwezi Novemba 2023, na haina rap kabisa. Ni filimbi mwanzo mwisho. Alieleza hadharani kwamba maisha ya umri wake hayampi cha kuchana, akitaja mfano wa kwenda kupimwa utumbo. Namheshimu sana, na katika hili hakuniridhisha. Vipimo vya hospitali ni mada, na kwetu ni mada kubwa. Mtu wa Twasalie au Mbuchi akiugua anasubiri maji yajae ndipo chombo kitoke, akifika bara anatafuta gari, na akifika hospitali anaanza kuulizwa kadi ya bima. Familia iliyouza shamba kwa ajili ya kusafisha damu ya mgonjwa wa figo haijaandikiwa wimbo wake. Rap yetu imejaa vijana wanaotafuta kutoka. Ina wachache mno waliotoka, wakapanda, wakaanguka, wakalazwa, wakarudi. Hiki ndicho alichonacho mkongwe, na kijana mwenye kipaji maradufu hawezi kukiiga.

Vivyo hivyo siasa. Professor Jay aliyechana Ndio Mzee alikuwa anamtazama mgombea kwa nje. Aliyetoka bungeni ameketi upande wa pili wa meza. Mapema mwaka 2024 mafuriko yalizamisha mashamba na nyumba Rufiji na Kibiti, Muhoro ikawa ziwa, na viongozi wakaja na misaada na maneno. Wimbo wa mbunge wa zamani anayesimulia jinsi ahadi inavyotengenezwa, tangu kwenye gari mpaka kwenye kipaza sauti, ungekuwa na wasikilizaji kwenye kila dungu la mpunga kuanzia Utete mpaka baharini. Ni yeye, Sugu na wachache wengine tu wanaoweza kuuandika bila kubahatisha.

Ushauri wangu kwa mkongwe yeyote anayefikiria kurudi ni huu. Rudi kwa prodyuza mmoja. Kwa Professor Jay sioni sababu ya kwenda mbali na P-Funk Majani, prodyuza aliyemjenga pale Bongo Records. Nyimbo kumi, dakika zisizozidi arobaini, mgeni mmoja au wawili. Usiguse singeli ili kuwafurahisha watoto; wana watu wao. Na kazi ikikamilika, usiiachie mitandao peke yake. Mtume mtu na faili kamili, lenye majina na mpangilio wa nyimbo, kwa vijana wa vibanda vya Kibiti, Ikwiriri na Nyamisati, wakubaliane bei kabla kazi haijawafikia vipande vipande. Wao ndio wasambazaji wa delta sasa, na hakuna msanii mkubwa ninayemjua aliyewahi kuwafuata kuongea nao.