Kumlea Paka kwa Muda: Wema Unaohitaji Tahadhari

Paka aliyeokotwa mtaani hapati makazi ya kudumu siku ileile. Vituo vya kuhifadhi wanyama hujaa upesi, na wanyama wengi wanapokaa pamoja maradhi huenea kwa urahisi. Ndiyo maana watu wa kujitolea huombwa kumpokea paka nyumbani kwa wiki au miezi michache. Mlezi humlisha, humzoesha binadamu na kumpeleka kwa daktari wa mifugo, hadi apatikane wa kumchukua moja kwa moja. Kazi hii huwa nzito zaidi kwa watoto wa paka waliofiwa na mama yao: wale wachanga hunyweshwa maziwa maalumu kila baada ya saa 2 hadi 3, kwani maziwa ya ng'ombe huweza kuwaharisha.

Wengi hukataa wito huu kwa hofu ya maradhi. Hofu hiyo ina msingi, lakini dawa yake ni elimu.

Mama mjamzito huogopa toksoplazimosisi, ugonjwa unaoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Vimelea vyake hutoka katika kinyesi cha paka, kwa kawaida kwa wiki 1 hadi 3 baada ya paka kuambukizwa kwa mara ya kwanza. Kinyesi kibichi hakiambukizi papo hapo. Vimelea huhitaji siku 1 hadi 5 ili vikomae. Kwa hiyo sanduku la mchanga likisafishwa kila siku, hatari hupungua sana. Kazi hiyo ifanywe na mtu mwingine nyumbani, si mjamzito wala mwenye upungufu wa kinga. Asipokuwapo mwingine, avae glavu na anawe mikono kwa sabuni. Tukumbuke pia kwamba wengi huambukizwa kwa kula nyama isiyoiva vizuri au mboga zisizooshwa.

Kichaa cha mbwa, licha ya jina lake, humpata paka pia, na dalili zikishajitokeza kwa binadamu, kupona ni nadra mno. Aliyeng'atwa au kuparuzwa aoshe jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya bila kusubiri kuona iwapo paka ataugua. Paka apewe chanjo akifikisha umri wa miezi 3.

Viroboto nao hueneza miongoni mwa paka bakteria wa homa ya mparuzo, na choa huhama kutoka manyoya hadi ngozi ya mtu. Paka mgeni atengwe katika chumba chake kwa takriban wiki 2, apimwe, apewe dawa za minyoo na viroboto, ndipo achanganywe na wanyama wengine au watoto.

Kwa mtoa huduma za afya, ni vyema kumuuliza mgonjwa kuhusu wanyama anaoishi nao. Lakini kumwambia mjamzito "mtupe paka huyo" ni ushauri wa haraka usio na faida: paka hurudi mtaani bila chanjo, azaliane huko, na hatari ihamie kwa jirani. Ushauri ulio bora ni kumfundisha namna ya kuishi naye kwa usalama.